UZI: Mwewe hajatumwa na mtu, anakusoma tu. Tuongee akili za ndege wanavyotafuta chakula

Mwana_Kadutu (Bukavu)

Bandugu na badada wa Bukavu, Goma na Lubumbashi, jambo! Nafungua huu uzi ju ya maneno ninayosikia kila siku sokoni na kule ziwani, eti mwewe akimnyang'anya mtoto andazi mkononi basi ni ndege wa kutumwa, kuna mtu nyuma yake, na hapo hapo vijana wanaokota mawe. Mi nasema apana. Yule ndege hajatumwa na mtu yeyote, iko na akili zake mwenyewe, na hizo akili unaweza kuziona kwa macho yako kama utasimama kidogo bila kupiga kelele.

Nendeni mumuangalie pale wamama wanapoanika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Hakuji mbio mbio. Anazunguka kwanza juu, mkia ule wenye pacha unageuka huku na huku kama usukani, kichwa kimeinama chini. Mama akiinua macho, ndege anapita zake kama hana habari na samaki. Mama akigeuka kumrudishia mteja feza, hapo ndipo anashuka, na anashukaka kutoka nyuma, mabawa yametulia, husikii kitu mpaka upepo unakupita sikioni. Anachukua kwa kucha, si kwa mdomo. Halafu akiwa bado anaruka ananyoosha mguu mbele, anainamisha kichwa na kula palepale angani, hatui, ju akitua kunguru wako pale wanamngojea.

Sasa mtu ataniambia ni bahati tu, mama aligeuka na ndege akashuka. Sikieni hii. Mwaka 2019 kule Cornwall, Uingereza, mtafiti Madeleine Goumas na wenzake walijaribu jambo hilo hilo na shakwe, wale ndege weupe wa bahari wanaoiba chakula cha watalii. Unaweka mfuko wa viazi vya kukaanga chini karibu na wewe, mara moja unamkazia ndege macho, mara nyingine unatazama pembeni. Walijaribu shakwe 74, na ni 27 tu waliothubutu kusogea kwenye chakula, wengine wote walikataa, na 19 tu ndio walikamilisha majaribio yote mawili. Na hao 19, wakitazamwa walichelewa wastani wa sekunde 21 zaidi kuliko wakiwa hawatazamwi. Yaani ndege anafuata macho ya mtu yanaenda wapi. Mwewe wetu si shakwe, najua, lakini mtu aliyekaa Bukavu na kuuza chakula nje hawezi kushangaa hayo matokeo.

Na msifikiri ni mwewe peke yake. Muangalieni mdiria, yule mdogo mweusi na mweupe anayekaa juu ya zile fito ndefu za mitumbwi ya sambaza. Wadiria wengi wanahitaji tawi la kukaa ndipo waone samaki, huyu hapana, anaweza kusimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga haraka sana na kichwa hakitikisiki hata kidogo, halafu anaanguka ndani kichwa mbele. Samaki mdogo anammeza akiwa bado anaruka, hana haja ya kurudi pwani, ndiyo maana mnamuona mbali sana katikati ya ziwa ambako wenzake hawafiki. Na kumbukeni sambaza si samaki wa hapa tangu zamani, aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mnamo 1958 mpaka 1960. Wazee wake huyu mdiria hawakuikuta sambaza kwenye ziwa Kivu, leo iko anaila kila siku.

Nataka kusikia mliyoyaona ninyi wenyewe. Ndege gani, wapi, anafanya nini ili ale.

---

Mama_Sambaza (Bukavu)

Mwanangu, unaongea vizuri lakini wewe huuzi sambaza. Mimi nimeamka usiku, nimenunua kwa wavuvi asubuhi wakiteremka, nimeanika, halafu huyo unayemsifu anachukua, na akishachukua mmoja wanakuja wengine. Nani ananilipa? Akili anayo, sikatai, tena ninayo habari yake kuliko wewe, ju kuna mmoja ambaye hakujaka kabisa nikiwa na fimbo, lakini nikimuachia mtoto wangu ileile fimbo anakuja. Anajua mtoto hafiki mbali. Hiyo ya kutumwa mi sijasema, nasema tu ni mwizi.

---

Mwana_Kadutu

Mama, shikamoo na pole sana, hasara yako ni ya kweli na siwezi kuipuuza. Hiyo ya fimbo na mtoto umeona mwenyewe jambo kubwa, anatofautisha watu. Ninachoona kinasaidia pale pwani ni kutandika moskitere (chandarua) ya zamani juu ya sambaza, ikazwe kwenye vijiti isilale juu ya samaki, hewa na jua vinapita lakini kucha zinakwama na mwewe anachukia sana kitu kinachomshika miguu. Na kama unaweza, kaa umegeukia upande wanakotokea. Jiwe linamfukuza dakika mbili tu na anarudi, tena linaweza kumpata mtu.

---

Goma_Himbi

Huku kwetu wa kuangalia ni kunguru. Tuko na wa aina mbili, yule wa mjini mwenye kifua cheupe, na yule mkubwa wa milimani, mweusi wote isipokuwa alama nyeupe nyuma ya shingo, na mdomo mnene sana uliopinda. Huyo wa milimani nilimkuta tukipanda Nyiragongo. Tulipoketi kupumzika walikuja wawili wakasimama juu ya jiwe la lava, hawakuji karibu, wanatembea kando kando. Mwenzetu alipofungua zipu ya sako (begi) mmoja akageuza kichwa palepale. Alipofunga bila kutoa kitu wakarudi kukaa. Alipofungua tena akatoa biskwi wakashuka wote wawili. Mi sauti ya zipu nadhani wameshaijua, ju watu wote wanaopanda pale wanafungua sako kwa ajili ya kula.

---

Ingé_Bagira

Samahani bandugu, mi naona tunatia chumvi. Ndege ana kichwa kidogo sana, akili itakaa wapi? Hiyo yote ni silika, amezaliwa nayo. Buibui naye anafuma utando mzuri na hakuna anayesema buibui amesoma. Mwewe anaona chakula, anashuka. Kunguru anasikia kelele, anageuka. Msiwape bure sifa za watu.

---

Mwana_Kadutu

Ingé, swali lako ni zuri na nataka nilijibu vizuri.

Kuhusu kichwa kidogo: mwaka 2016 ilitoka kazi ya kuhesabu seli za neva kwenye ubongo wa ndege, kasuku na kunguru wakiwemo, wakakuta zimebanana sana kuliko za wanyama wanaonyonyesha. Kasuku au kunguru mkubwa anaweza kuwa na neva nyingi katika sehemu ile ya mbele ya kufikiri kama nyani mwenye ubongo mkubwa kuliko wake, au kumpita. Kwa hiyo ukubwa wa kichwa peke yake haukupi jibu.

Kuhusu silika: silika ingekuwa inafanya kila kitu, ndege wa aina moja wangefanya sawa kila mahali tangu zamani. Sasa angalia Uingereza. Zamani maziwa yaliletwa mlangoni ndani ya chupa yenye kifuniko chepesi. Mwaka 1921 kule Swaythling walionekana ndege wadogo wakitoboa hicho kifuniko wakinywa krimu ya juu. Baada ya hapo habari ikaenea mji kwa mji mpaka sehemu kubwa ya nchi, na mwaka 1949 Fisher na Hinde waliandika jinsi ilivyoenea. Ndege amezaliwa vipi na silika ya chupa ya maziwa? Chupa yenyewe ni ya juzi.

Au ya karibu zaidi, Sydney, Australia. Kuna kasuku weupe wakubwa wenye kishungi cha njano, walijifunza kufungua mapipa ya taka. Anashika ukingo wa kifuniko kwa mdomo, anauinua, halafu anatembea pembeni juu ya ukingo wa pipa huku akikisukuma mpaka kifuniko kinapinduka nyuma. Kabla ya 2018 watu waliripoti jambo hilo kwenye mitaa mitatu tu. Mwisho wa 2019 ilishafika mitaa 44, na ilienda kwa mitaa ya jirani kwanza, tena mitaa tofauti ilikuwa na namna yake tofauti ya kufungua. Hiyo si kuzaliwa nayo, huko ni kuangaliana.

---

Lushois_Katuba

Bandugu ba Kivu, miye niko Lubumbashi, na ninaona bado hamujagusa ndeke mwenye kushinda bote. Ndeke ya asali! Huku mu pori ya miombo, ku njia ya Kasenga na kwengine, batu ba makala na batu ba asali banamujua bote. Ni kandeke ka rangi ya bulongo, hakana hata uzuri, lakini kanakuya kukuita wewe muntu. Kanalia bila kunyamaza, tretretretre, kanaruka ku muti ya mbele, kanafungua mukia unaona manyoya meupe pembeni, ukikafuata kanaenda ingine, ukisimama kanarudi kukuangalia kama unakuya. Mpaka ku muzinga ya nyuki. Hapo kananyamaza. Weye unawasha moshi, unapasua muti na shoka, unatosha asali, na kenyewe kanangoja, ju kanataka masega, ile nta. Peke yake hakawezi kupasua muti na nyuki zitakaua.

Babu yangu alikuwa anasemaka ukikanyima masega, siku ingine kanakupeleka ku nyoka. Sijui kama ni kweli ya nyoka, lakini batu banaheshimu, banaachaka kipande juu ya jani.

---

Mwalimu_Bio (Bukavu)

Aksanti sana ndugu wa Lubumbashi, ningesikitika kama uzi ungeisha bila huyo. Ngoja niongeze, ju hapa ndipo swali la Ingé linapata uzito wake.

Mtu wa kwanza kumpima kwa hesabu alikuwa Mkenya, Hussein Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, kwa Waborana wa kaskazini ya Kenya, kazi yao ilitoka 1989. Mtu akitafuta nyuki bila ndege ilimchukua wastani wa saa 8.9 kupata mzinga. Akiongozwa na ndege, saa 3.2. Na mizinga karibu yote, asilimia 96, ndege asingeweza kuifikia bila mtu kuja na moto na vyombo. Kwa hiyo ni mkataba wa kweli, kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana. (Huyo Reyer ndiye pia aliyechunguza yule mdiria mweusi na mweupe wa Mwana_Kadutu, kwenye ziwa Victoria na Naivasha, jinsi madume wasio na jike wanavyosaidia wenzao kulisha makinda.)

Kisha Claire Spottiswoode akaenda Niassa, Msumbiji, kwa Wayao. Wao wana mwito wao, brrrr halafu hm, mtoto anajifunza kwa baba yake. Wakapima 2016: ukitembea porini na sauti nyingine uwezekano wa ndege kuja kukuongoza ni kama asilimia 33, ukiwa na huo mwito ni 66. Na uwezekano wa kupata mzinga kabisa unapanda kutoka 16 mpaka 54. Wahadza wa Tanzania hawafanyi brrrr-hm, wao wanapiga mluzi. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood walijaribu kubadilisha, wakapeleka mluzi wa Wahadza Msumbiji na mwito wa Wayao Tanzania. Ndege wa kila mahali waliitikia zaidi mwito wa watu wa kwao. Tanzania ilikuwa zaidi ya mara tatu, Msumbiji karibu mara mbili.

Sasa Ingé, fikiri hili. Yule ndege halelewi na mama yake. Mama anataga kwenye kiota cha ndege wengine, kinda linazaliwa na ndoano kali kwenye ncha ya mdomo na linaua kwa hiyo ndoano watoto wa mwenye kiota. Kwa hiyo wazo la kumwongoza mtu hakufundishwa na mzazi, hapo silika ipo, nakupa haki yako yote. Lakini mluzi au brrrr hakuzaliwa nao, hapo amesikiliza watu wa eneo lake na kukumbuka. Vyote viwili viko ndani ya kichwa kilekile.

Na kwa ya babu, Wahadza wengine wanafanya kinyume, mara nyingi wanachoma au kuzika masega yaliyobaki, ili ndege abaki na njaa aendelee kuongoza.

---

Ingé_Bagira

Mwalimu, hiyo ya miito miwili imenikamata. Kwa huyo wa asali nakubali. Kwa mwewe bado nangoja kuona mtu akipima kama walivyopima shakwe.

---

Lushois_Katuba

Ongezeni na mramba! Ule mweusi tii, mukia kama mkasi, macho mekundu. Wakati ya kuchoma pori banakuya mingi ku moshi kukamata panzi zenye kukimbia moto. Lakini nilisikia ni mwongo mukubwa?

---

Mwana_Kadutu

Ni kweli yaya, na ni mwongo wa kupimwa. Tom Flower alimfuata miaka mingi kule Kalahari. Mramba anakaa karibu na ndege wengine na wale wanyama wadogo wa jangwani wanaosimama wima wakichimba wadudu. Akiona adui kweli analia, wote wanakimbia, kwa hiyo wamemzoea kama mlinzi. Halafu siku nyingine mmoja anachimbua mdudu mnono, mramba analia ileile sauti ya hatari na hakuna adui, mwenye mdudu anakimbia shimoni, mramba anashuka na kuchukua. Karibu robo ya chakula chake ni cha wizi. Na wakishaanza kumstukia anabadilisha sauti, anaiga kilio cha hatari cha ndege mwingine au cha wale wanyama wenyewe, na wanakimbia tena. Hiyo kazi ilitoka 2014.

Mimi nikisoma hiyo nafikiria sana hao mramba, ju ili uongo ufanye kazi lazima mara nyingi useme kweli, na yeye anasema kweli mara nyingi.

---

Dada_Muhumba

Jamani huku kwetu Muhumba iko ndege mmoja mdogo, mgongo mweusi tumbo jeupe, mkia mrefu, anakaa juu ya waya wa umeme siku nzima kama bosi. Nilikuta panzi amechomekwa kwenye mwiba wa senyenge (waya wa miiba) ya parseli, yuko bado anatikisa mguu. Siku nyingine mjusi mdogo, shingo yake imepita kwenye ncha. Mtumishi wetu akasema ni dawa mtu ametega, tung'oe senyenge tuchome. Nikakataa, nikakaa dirishani. Ni yule ndege! Anakuja na mjusi mdomoni, anamuweka juu ya ncha, anamvuta kwa nguvu upande wake mpaka ncha inatoka upande wa pili. Halafu anaanza kunyofoa.

---

Mwalimu_Bio

Dada, huyo ni mbwigu, na umefanya vizuri kukaa dirishani. Mbwigu anakula nyama lakini miguu yake si ya mwewe, haina nguvu ya kushika windo wakati mdomo unachana, kwa hiyo mwiba unamshikia. Na ni ghala pia, atarudi baadaye. Senyenge ni miiba iliyopangwa mstari mmoja tena haiozi. Kwa mbwigu wa Amerika walioangaliwa tangu udogoni, kinda anavuta vuta kitu mdomoni bila kujua anatafuta nini, na anaboresha kwa kujaribu mpaka anapata kuchomeka sawasawa. Mwambie mtumishi hakuna dawa pale.

---

Mzee_Nguba

Watoto wangu, nawasoma. Sisi tulikatazwa kugusa kiota cha fundichuma, yule wa rangi ya kahawa mwenye kichwa cha nyundo. Wazee walisema nyumba itaungua. Sasa wewe Mwana_Kadutu unasema ndege hatumwi, na wazee wetu je?

---

Mwana_Kadutu

Mzee, shikamoo. Katazo hilo mi siwezi kulitukana, ju ndilo limemlinda fundichuma mpaka leo na kile kiota chake kikubwa kinachoweza kufika mita moja na nusu upana. Namheshimu vilevile. Nikimuona kwenye maji ya chini chini anatembea polepole huku mguu mmoja unakoroga matope mbele yake, chura akistuka anakamatwa. Yangeyange mdogo mwenye vidole vya njano anafanya hivyo hivyo. Na kuna yangeyange mwingine, mweusi wote, anafungua mabawa mpaka yanakutana mbele na kuinamisha kichwa ndani, maji yanapata kivuli na samaki wadogo wanakuja humo.

Kuna pia koikoi mdogo wa mgongo wa kijani, mfupi, anajikunja kwenye mawe ya pwani ya ziwa letu. Kule Kumamoto, Japani, Hiroyoshi Higuchi aliwaangalia hao hao wakivua kwa chambo. Anaokota mdudu, kipande cha mkate au hata unyoya, anauweka juu ya maji, anasimama kimya. Chambo kikielea mbali anakirudisha. Samaki akija, anachomwa. Mzee, wewe umekaa na ziwa kuliko sisi wote, uliwahi kumuona akifanya hivyo huku?

---

Mzee_Nguba

Kuvua kwa chambo sijaona. Kusimama juu ya jiwe saa nzima, hiyo nimeona. Nitamuangalia mdomo.

---

Mtoto_wa_Panzi

Na kasuku wa kijivu? Ndiye wetu kabisa, wa misitu ya Kongo, na hamjamtaja.

---

Mwalimu_Bio

Namtaja kwa uchungu, ju wengi wanamjua ndani ya kasha tu. Mwaka 2020 Désirée Brucks na Auguste von Bayern waliweka kasuku wa kijivu wawili wawili kwenye vyumba vya jirani vyenye tundu katikati. Mmoja ana vipande vya chuma vya kubadilisha na chakula lakini dirisha lake la kubadilishia limefungwa, mwenzake dirisha liko wazi lakini hana kipande. Yule mwenye vipande akavichukua kwa mdomo na kuvipitisha kwa mwenzake, na yeye hapati kitu. Biashara ya kimataifa ya kasuku hao wa porini ilikatazwa na nchi za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, mwaka 2016, lakini wanaendelea kukamatwa kwa gundi na nyavu, na wengi wanakufa njiani. Ukiuziwa mmoja barabarani, usinunue hata kwa huruma. Aliyeuza atarudi msituni kutafuta mwingine.

---

Etudiante_ISP

Nimesoma yote. Niko natafuta sujé (mada) ya kazi yangu ya mwisho ya masomo na nataka kuchukua mwewe na macho ya watu, hapa Bukavu. Nianzie wapi, na niandike nini?

---

Mwana_Kadutu

Dada, Ingé atafurahi kuliko sisi wote! Anza bila kuweka chakula chochote, keti tu karibu na mahali wanapoanika, omba ruhusa kwa wamama kwanza. Kila mwewe akishuka andika alitokea upande gani, mwenye samaki alikuwa anatazama wapi, alikuwa mtu mzima au mtoto, ana fimbo au hana, na kama alipata au alikosa. Andika pia zile mara alizozunguka akaondoka bila kushuka, hizo watu wanazisahauka na ndizo zitakuonyesha kama anaogopa macho. Na saa, usisahau saa, ju asubuhi wakati mitumbwi inateremsha si sawa na mchana.

---

Mama_Sambaza

Binti, kuja kwangu. Jumatano na Jumamosi niko na mzigo mwingi. Yule anayejua fimbo nitakuonyesha, ana unyoya umekatika kwenye bawa la kushoto.